Mashua Isiyobeba Kitu

Kaka yangu aliitaka ile mashua tangu siku ya kwanza alipoipitishia randa, na mimi tangu siku ya kwanza nilimwuliza ataifanyia nini. Hakuwa na jibu. Haikuwa mashua ya kuvulia, kwa maana hapakuwa na mahali pa kuweka nyavu. Haikuwa ya kubebea mizigo, kwa maana katikati yake palijengwa kijumba chenye vitanda viwili vyembamba na kabati la vikombe. Ilikuwa imetengenezwa ili mtu aingie, atweke tanga, aende, kisha arudi alikotoka. Nilimwambia kuwa kitu cha namna hiyo ni ugonjwa wa watu wenye nafasi. Alicheka, akasema kwamba na yeye angependa kuugua walau mara moja.

Alikuwa seremala katika karakana ya mgodi wa risasi, madini yale mazito, pale Mpanda. Mashua ilikuwa ya Mzungu mmoja mwembamba, mhandisi wa mgodi, ambaye aliinunua Kigoma kwa Mzungu mwingine, naye aliipata kwa Mbelgiji wa ng'ambo ya ziwa, Kongo. Kwa hiyo ilikuwa kuukuu ilipofika kwetu, na mbao zake zilihitaji mtu kila mara. Mhandisi aliiweka Karema, na kila alipokwenda huko alimchukua kaka katika gari ili aikarabati. Akiwa ziwani alihitaji mkono wa pili wa kushika kamba, na ule mkono wa pili ulikuwa wa kaka. Hivyo ndivyo kaka alivyojifunza tanga, bila mtu yeyote kukusudia kumfundisha.

Jambo moja la mashua ile lazima nilieleze hapa. Chini ya mbao za sakafu palipangwa vipande vya risasi, vizito, vya umbo la mkate, ambavyo mhandisi mwenyewe aliagiza viyeyushwe na kumiminwa mgodini. Baadaye nilisikia kuwa watu wa pwani wana neno la uzito kama huo, wanauita farumi. Sisi hatukuwa na neno, kwa sababu mtumbwi hauhitaji kitu hicho. Lakini mashua yenye mlingoti mrefu na tumbo jembamba, usipoitia uzito chini, inalala kwa upepo mdogo tu.

Mwaka huo mhandisi alikuwa anaondoka, harudi tena. Nilikuwa nyumbani kwa likizo kutoka chuo kikuu Uganda, nimejaa maswali kama gunia. Nilimwuliza padre, nilimwuliza karani wa bomani, nilimwuliza hata mama kwa nini tunapiga magoti kwa watu ambao hatuwaheshimu. Kitu kisichoweza kujibu swali la kwa nini, nilikuwa tayari kukitupa. Kaka alinivumilia, kwa kuwa mawazo yake yote yalikuwa Karema. Mhandisi alikuwa amemwahidi mashua kwa bei waliyoelewana, na kaka alikuwa amekwisha uza ng'ombe wake wa mahari. Mama alikuwa hasemi naye. Baba wa mchumba alituma mtu kuuliza kama ni kweli.

Halafu akajitokeza mfanyabiashara wa Kigoma aliyeitaka mashua ile ile, akitoa zaidi. Mhandisi alikuwa na namna yake ya haki. Hakuvunja ahadi, ila aliiongezea sharti. Alisema hataki chombo chake kife juu ya mchanga, kikifugiwa kuku ndani. Yeye angepanda meli Ikola, na mfanyabiashara angekuwa pale pale. Kaka aichukue mashua Karema, aifikishe Ikola bila yeye kuwamo, kabla meli haijang'oa nanga. Akifika salama, ni yake. Asipofika, ni ya yule mwingine.

Nilimwuliza kaka kama mfanyabiashara naye amepewa mtihani. Akanitazama.

"Wewe unataka kuja, au unataka kuuliza?"

Nikaenda. Sijui kuogelea, nimekulia Mpanda, ambako maji ni ya kisima.

Tuliondoka Karema baada ya chakula cha mchana. Upepo ulikuwa wa kusini, ukitokea kwenye milima, mwepesi. Pwani yote ile watu walikwisha kumfahamu kaka, na kila tulipokaribia kijiji walikuwa na neno lao. Wanaume waliokuwa wakishona nyavu walipaza sauti kuuliza mashua imebeba nini leo. Mmoja wao akajibu mwenyewe kwamba imebeba upepo, wakaangua kicheko. Kwenye pwani ndogo iliyo upande wa pili wa rasi ya mawe, wanawake waliokuwa wakianika dagaa walituita, kama ilivyo desturi ya huko: chombo kinachopita huitwa, na chenye nafasi hugeuka. Kaka hakugeuka. Mhandisi hakuwahi kupakia mtu wala kikapu, na kaka aliichukua amri hiyo kama sehemu ya mashua yenyewe, sawa na mlingoti.

"Nataka nikae ndani yake bila kubeba kitu," aliniambia, macho yake yakiwa kwenye tanga. "Tangu nizaliwe nimebeba. Mbao, maji, mawe ya mgodi. Hii isibebe."

Lilikuwa jibu la kwanza alilonipa. Nilikosa swali la kulifuatisha, jambo ambalo halikunifurahisha.

Jioni upepo ulikufa kabisa. Mkondo ulianza kuturudisha nyuma taratibu, na kaka hakutaka kupiga makasia hadi Ikola na kufika hoi mbele ya Mzungu. Tukageuka tukaingia kwenye ghuba anakoishi mjomba, kaka yake mama, upande wa kusini wa rasi ya mawe, nyuma ya ile pwani ya dagaa tuliyokwisha kuipita. Tulitia nanga maji yakiwa ya kiunoni.

Mjomba alikuwa mvuvi, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita akiwa mbali. Hakuwa ametuona tangu mimi niende chuo. Aliamuru vijana wa nyumba waende kuondoa vitu vya wageni chomboni, kwa kuwa kwa watu wa ufukwe ule mzigo wa mgeni haulali nje. Ukiibwa, aibu ni ya mwenye nyumba. Nililijua sharti hilo. Nililijua na la pili, ambalo nikiwa mdogo lilinichekesha: asubuhi mwenye nyumba humrudishia mgeni vitu vyake vidogo, lakini kile kizito zaidi hukibakiza ndani mpaka mgeni ale, aage, asindikizwe. Ndiyo njia yao ya kuhakikisha hakuna anayeondoka kama aliyefukuzwa. Tulipokuwa tunakula samaki wa migebuka niliwaona vijana wakipita na mablanketi, birika na mfuko wangu wa vitabu. Nikadhani hivyo ndivyo vyote tulivyokuwa navyo.

Mjomba alisema kesho hatuondoki kwenda Ikola kabla mkewe hajachinja kuku. Kaka akaitikia kwa heshima.

Kulipokucha nilimkuta kaka amesimama mchangani. Mablanketi na birika vilikuwa mlangoni, vimekunjwa vizuri. Yeye alikuwa anatazama kusini, na mimi nikatazama huko. Mbali sana, juu ya maji, palikuwa na uzi wa moshi. Meli. Ingesimama Karema kushusha na kupakia, kisha ingetupita ikielekea Ikola.

"Tunakwenda," kaka alisema.

Nikamwambia hatujamuaga mjomba, na kuku wake bado anatembea. Akasema tutamuaga tukirudi, tukiwa na mashua yetu wenyewe, na kuku atakuwa amenenepa. Kisha akaongeza, kwa kuwa alinijua: "Si wewe unayesema mila isiyo na sababu itupwe? Basi leo nisaidie kuitupa."

Tukabeba mablanketi vichwani, tukaingia majini, tukang'oa nanga.

Upepo ulikwisha amka. Ulishuka kutoka milimani kwa vipindi, kimya kidogo, kisha pigo, ukitusukuma upande wa Kongo. Kabla hatujatoka vizuri ghubani, mashua ililala. Maji yalifika ukingoni. Kaka akalegeza kamba, ikainuka. Pigo la pili likaja, ikalala tena, zaidi, na birika likabingirika mpaka upande wa chini na kugonga ubao.

Nilimwuliza kwa nini jana haikufanya hivi.

"Upepo wa leo ni mkubwa."

Nikamwambia si mkubwa kiasi hicho. Nyavu zilizoanikwa pwani zilikuwa zikicheza tu, hazikunyooka.

"Kaa upande wa juu," alisema. "Kaa, na nyamaza."

Nilikaa upande wa juu, nimeng'ang'ania ukingo, mgongo ukiwa nje juu ya maji. Rangi nyeupe ya mashua ilikuwa na mstari wa bluu chini, ambao jana ulikuwa majini, na mhandisi alikuwa na mazoea ya kuusugua. Sasa niliuona wote. Tena chini yake niliona mbao za kijani zenye utelezi ambazo hazikupaswa kuonwa na mtu. Mashua ilikuwa inaelea juu kama kibuyu.

Nilimwambia. Hakutaka kugeuza macho kutoka kwenye tanga, kwa hiyo nilimwambia tena, polepole, kama mwalimu. Pigo lingine lilikuja. Safari hii maji yaliingia, baridi, yakatujaa miguuni. Nilisikia sauti ikitoka kinywani mwangu ambayo haikuwa neno.

Ilipoinuka, kaka alinipa usukani, akanionyesha kwa kidole niushike vipi, akapiga magoti na kufungua ubao wa sakafu. Akafungua wa pili. Alitia mkono mpaka begani, akautoa ukiwa umelowa, mtupu.

"Wameiba," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Pwani yote ile hakuna mshona nyavu asiyetamani risasi ya kuzamishia nyavu zake. Lakini niliona jambo ambalo halikukaa sawa, nikamwuliza: mwizi gani arudishe mbao za sakafu mahali pake, moja moja, na kuzikandamiza? Kaka alibaki amepiga magoti. Niliona jibu likimfika usoni kabla halijafika mdomoni.

"Mzigo wa mgeni," alisema.

Tulikuwa tumeondoka kabla ya kuaga, na kizito zaidi kilikuwa kimebaki ndani kwa mjomba.

Nyuma yetu moshi ulikuwa umesimama. Meli ilikuwa Karema. Kurudi kwa mjomba kulitaka twende dhidi ya upepo, na mashua tupu haiwezi kwenda dhidi ya upepo, itapinduka. Kushusha tanga na kupiga makasia kulimaanisha kuiangalia meli ikitupita. Kuendelea kulimaanisha rasi ya mawe, ambako upepo hukusanyika kabla ya kuruka ziwani. Kaka alijua mambo haya yote, na mimi nilijua kwamba anajua. Alipunguza tanga, akalifunga nusu. Hata hivyo, tulipofika kwenye rasi mashua ilikwenda kiubavu ubavu kama kaa, ikituvuta kwenda ng'ambo. Sijui tulikuwa pale muda gani. Najua kwamba niliomba, mimi niliyekuwa nimemweleza padre kuwa sioni sababu ya kuomba, na wala sikuona aibu mpaka tulipovuka.

Ng'ambo ya rasi ndiyo ile pwani ya dagaa. Wanawake walikuwa wamesimama na vikapu na magunia, wakingoja mtumbwi wowote wa kuwapeleka Ikola wakauze kwa abiria wa meli. Walituona. Jana tuliwapita, kwa hiyo leo hawakuita. Mmoja tu, mama mnene mwenye kanga mbili, alisema kwa sauti ya kutosha kwamba ule upepo umepata tena usafiri.

Nilimtazama kaka. Sikutaka kulisema, lilikuwa la kwake. Mbele yetu lilikuwepo eneo lingine la wazi lenye mapigo mabaya kuliko ya kwanza.

"Tuwachukue," nikasema.

Kaka alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, na taya zake zilikuwa zinatembea kama anatafuna. Kisha akasukuma usukani, na mashua ikageuza uso kuelekea mchangani.

Aliwapanga mwenyewe. Magunia ya muhogo mkavu yalikwenda chini ya sakafu, mahali pa risasi. Vikapu vya dagaa vilikwenda ndani ya kijumba, juu ya vitanda. Wanawake walikaa chini kabisa, wamebanana, magoti yakigusana, na yule mnene akawekwa katikati kabisa, naye hakuhitaji kuelezwa.

"Miaka yote wananicheka," alisema akijishusha. "Leo unene wangu umepata kazi."

Kaka aliomba wafute miguu. Walimcheka hadi mmoja akatokwa na machozi, lakini walifuta.

Tuliposukuma, mstari wa bluu ulizama. Pigo la kwanza lilipokuja, mashua iliinama kidogo, ikafikiri, ikakataa. Wanawake walipiga kelele ya pamoja, kisha wakanyamaza, kisha wakaanza kuuliza bei ya mafuta Ikola. Nyuma yetu meli ilikuwa imeondoka Karema. Ilitupita tukiwa tunaiona nguzo ya bendera ya Ikola, na mawimbi yake yalitutikisa. Kaka hakuitazama. Alilifungua tanga lote.

Tulifika meli ikiwa imetia nanga na mitumbwi ikiizunguka. Mhandisi alikuwa amesimama mchangani na masanduku yake, na kando yake mfanyabiashara wa Kigoma, mtu mpole mwenye kofia ya kitambaa cha lasi, aliyekuwa akijipepea kwa gazeti. Mhandisi alitutazama tukikaribia. Alitazama vichwa vyenye kanga, magunia, dagaa wanaodondoka juu ya kabati lake la vikombe. Sikuona hasira usoni mwake. Nilimwona kama mtu anayetazama nyumba aliyozaliwa ikiwa imegeuzwa duka.

Aliingia majini na viatu vyake, akainua ubao wa sakafu, akaona muhogo.

Aliuliza risasi ziko wapi. Kaka akajibu kwamba ziko kwa mjomba.

Sasa, mgodini risasi ilikuwa inaibwa, na kila aliyefanya kazi pale aliwahi kupekuliwa mifuko. Risasi iliyo kwa mjomba mvuvi ilikuwa na maana moja tu. Mhandisi hakupaza sauti. Aliuliza tu ameziuza kwa kiasi gani. Kaka akageuka akanitazama, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza cha chuo.

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya mzigo wa mgeni, na kizito kinachobakizwa, na kuku. Nilipokuwa nasema nilijisikiliza, na nikasikia jinsi habari ile isivyoaminika. Kama ningekuwa mimi nimesimama mahali pake, ningeuliza maswali mpaka lisibaki jibu hata moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa Kiswahili ili kaka asikie, kwamba kumwongopea hakukuwa na lazima. Angeelewa zaidi kama tungemwambia tu kwamba tumeziuza.

Meli ikapiga honi ya kwanza. Mfanyabiashara alikunja gazeti lake.

Kaka hakujitetea. Alikaa ukingoni mwa mashua, miguu majini, ameishika kamba bado, kama vile upepo ungeweza kuja hata pale. Nilitaka aseme kitu. Nilimwuliza kwa nini hasemi. Akaniambia ameshasema: ziko kwa mjomba.

Yule mama mnene, ambaye hakuwa ameshuka, ndiye aliyeona kwanza. Alisema kuna watu wanakuja wanapiga makasia kama wanafukuzwa.

Ulikuwa mtumbwi mmoja, umezama hadi karibu na ukingo. Vijana wanne walikuwa wanapiga kasia, wamelowa jasho, na katikati amekaa mjomba, sufuria mapajani, limefunikwa kwa jani la mgomba. Miguuni pake, zimepangwa kama mikate, zilikuwa risasi.

Hakumsalimia Mzungu. Sidhani alimwona. Alishuka, akaja moja kwa moja mpaka kwa kaka.

"Mtoto wa dada yangu," alisema. "Nimekutendea nini, hata uondoke kwangu kama mwizi?"

Kaka akashuka, akapiga magoti majini. Nami nikapiga magoti, pasipo kuuliza. Mjomba alisema mengi, mbele ya watu wote, kwamba amewaambia nini majirani, kwamba mkewe alilia, kwamba mgeni aliyesahau mzigo wake mzito namna hii amefukuzwa au amerogwa, na kwa vyovyote ni nyumba yake itakayotajwa. Sasa mtakula, alisema. Mtakula hapa, mtaaga hapa, ndipo nitakapotoa vitu vyenu.

Honi ya pili ikapiga. Tukala. Kaka alitafuna huku machozi yakimtoka, na mjomba akimwangalia kila tonge. Mhandisi alikuwa amesimama pale pale, suruali imelowa hadi magotini, akitazama mtumbwi uliojaa risasi zake mwenyewe. Mjomba akamwona hatimaye, akamnyooshea paja la kuku, kwa kuwa mtu hali chakula mbele ya mtu bila kumkaribisha. Mhandisi alilipokea kwa mikono miwili. Alilila lote akiwa amesimama. Kisha alifuta mkono kwa leso, akampa kaka ufunguo wa kijumba, akasema neno moja ambalo kaka hakuwahi kuniambia ni lipi, akapanda mtumbwi wa kumpeleka melini. Hakugeuka nyuma.

Mfanyabiashara alicheka, akasema hata hivyo harufu ya dagaa haitoki kitandani.

Kwa hiyo ikawa yake. Tulirudisha risasi chini ya sakafu mchana ule, moja baada ya moja, mjomba akizitoa kwa mkono wake. Ya mwisho hakuitoa. Aliishika kifuani, akasema hiyo anabaki nayo, ili tujue njia ya kurudi kuaga vizuri. Nilifungua mdomo niulize inahusu nini sasa, tumeshaaga, tumeshakula. Kaka alinikanyaga mguu.

Jua lilipoinama wanawake walikuja na vikapu vitupu na chumvi na mafuta, wakaingia mashuani bila kuuliza. Kaka alisimama mlangoni mwa kijumba na ufunguo wake. Alianza kusema kwamba chombo hiki hakibebi. Yule mama mnene alikuwa amekwisha kaa.

"Kuna risasi moja pungufu," alimwambia. "Twende."

Kaka alikaa na ile mashua miaka mingi, na kila likizo nilipanda naye. Sikumwona hata siku moja akiwa peke yake ndani yake. Mjomba hakukitoa kile kipande, na kaka hakukidai. Mahali pake, upande wa kushoto karibu na mlingoti, palikuwa na mtu sikuzote.